Nimhasi Mbwa Wangu au Nimwache? Na Kama Nitamhasi, Lini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huniletea watu wa kila namna: aliyepewa mtoto wa mbwa jana, mwenye dume anayeruka ukuta kila usiku, mwenye jike mzee aliyeanza kunywa maji kupita kiasi. Nimefuga mbwa miaka mingi na nimesaidia kuwatafutia makao mbwa waliotupwa, na jibu langu limebadilika kadiri nilivyoona mengi. Zamani nilikuwa nasema mpeleke akifikisha miezi sita, basi. Siku hizi nauliza kwanza mambo matatu. Ni jike au dume? Akikomaa atakuwa na uzito gani? Na je, utaweza kweli kumzuia, siku zote ishirini na moja, jike akiwa kwenye joto, yaani kipindi chake cha kutaka dume? Ukinijibu hayo, nusu ya kazi imekwisha.

Kuhasi ni kufanya nini hasa?

Kwa dume, daktari wa mifugo hupasua sehemu ndogo mbele ya mfuko wa korodani, akazitoa korodani zote mbili, akafunga mishipa na kushona. Kwa jike kazi ni kubwa zaidi kwa sababu tumbo lazima lifunguliwe. Madaktari wengine hutoa ovari, yaani viungo vya mayai, pamoja na kizazi, wengine hutoa ovari peke yake. Kwa jike mwenye afya njia zote mbili zinafaa, maana kizazi kikikosa homoni za ovari hunywea na hakisumbui tena. Kinachoharibu kazi ni kipande cha ovari kubaki ndani: jike ataendelea kuingia joto kana kwamba hakuguswa.

Watu wengi husema wanampeleka mbwa "kufunga kizazi". Neno hilo linawadanganya baadhi yao wakadhani kuna siku kitafunguliwa. Viungo vinatolewa, na havirudi.

Jike asipohasiwa, kuna hatari gani zaidi ya kubeba mimba?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza kwa uchungu.

Kila baada ya joto, awe amepandwa au hakupandwa, mwili wa jike hukaa takriban miezi miwili ukiwa na projesteroni, homoni ileile ya kulea mimba. Ukuta wa kizazi unanenepa na kutoa majimaji, mlango wake unajifunga, kinga ya mahali pale inashuka. Bakteria waliopanda kutoka ukeni wakati wa joto wanajikuta mahali penye chakula na pasipo wa kuwafukuza. Joto baada ya joto, mwaka baada ya mwaka, ukuta ule unazidi kuharibika, mpaka siku moja kizazi kinajaa usaha. Nchini Sweden, ambako kwa muda mrefu majike wengi hawakuwa wakihasiwa na mbwa wengi wana bima, kumbukumbu za bima zimeonyesha kwamba kati ya jike mmoja katika watano na mmoja katika wanne hupata ugonjwa huu kabla ya kufikisha miaka 10.

Jike wangu Tunu alikuwa na miaka minane. Wiki kama sita baada ya joto lake alianza kumaliza bakuli la maji asubuhi na mapema, na usiku akawa ananiamsha atoke nje kukojoa. Chakula alikinusa akakiacha. Nilijiambia ni uzee. Siku ya tatu alipolala ubavu niliona chini ya mkia wake majimaji ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na damu, na harufu yake ilijaza chumba. Alipasuliwa jioni ileile. Daktari alinionyesha kizazi kwenye sinia: mirija miwili ambayo kwa kawaida ni myembamba kama kalamu ilikuwa minene kama mkono wa mtoto.

Tunu alipona, na alikuwa na bahati. Mlango wa kizazi chake ulikuwa umefunguka kidogo, ndiyo maana niliuona usaha. Ukiwa umefungwa kabisa hakuna kinachotoka nje. Tumbo linajaa, sumu inaingia kwenye damu, figo zinaelemewa, na mbwa anaweza kufa kabla mwenyewe hajajua anaumwa nini. Kwa hiyo likariri hili: jike ambaye hajahasiwa, aliyetoka kwenye joto wiki chache zilizopita, akianza kunywa maji mengi na kukataa chakula, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Nimesikia kuhasi mapema huzuia saratani ya matiti. Ni kweli?

Mwelekeo ni huo, lakini takwimu zinazorudiwa kila mahali zinahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani waliandika kwamba jike aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza alikuwa na asilimia 0.5 ya hatari aliyokuwa nayo jike asiyehasiwa. Baada ya joto moja, asilimia 8. Baada ya mawili au zaidi, asilimia 26. Angalia maneno hayo vizuri. Hayasemi kwamba robo ya majike watapata saratani. Yanalinganisha hatari ya huyu na ya yule. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walizikusanya tafiti zote walizoweza kuzipata juu ya jambo hili wakahitimisha kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu.

Mimi nachukulia kwamba kinga ipo, ila siwezi kuijengea uamuzi wote juu yake. Usaha wa kizazi unanitosha kuwa sababu. Na jike wako akiwa hajahasiwa, mpapase matiti kila mwezi, chuchu moja moja kutoka kifuani hadi kwenye nyonga. Kivimbe kigumu chenye ukubwa wa punje ya mchele kinatolewa kirahisi kuliko kile cha ukubwa wa yai, na kati ya vivimbe vya namna hiyo kwa mbwa, takriban nusu huwa ni saratani.

Si afadhali azae mara moja kwanza, ndipo ahasiwe?

Hapana. Hakuna faida ya kiafya anayoipata jike kwa kuzaa mara moja, wala tabia yake haitulii kwa sababu amenyonyesha. Mbwa hakai akitamani watoto ambao hajawapata. Kinachotokea kweli ni mimba ya siku takriban 63, hatari ya kukwama wakati wa kuzaa, na watoto sita, wanane, pengine kumi, ambao kila mmoja anahitaji dawa ya minyoo, chanjo na mtu atakayemtunza kwa miaka kumi na zaidi. Nimebeba maboksi ya watoto wa namna hiyo. Wanaoahidi kuchukua mmoja ni wengi mimba ikiwa changa, na wachache watoto wakishaanza kutafuna viatu.

Basi jike nimpeleke akiwa na umri gani?

Kama akikomaa hatazidi kilo 20 hivi, umri wa miezi mitano hadi sita, kabla ya joto la kwanza, ni mzuri. Mbwa wadogo hukomaa mapema na mifupa yao haionekani kudhurika kwa kuhasiwa mapema.

Jike mkubwa ndiye mwenye mjadala. Ukimhasi kabla ya joto la kwanza unaipata kinga ya matiti yote, lakini unaongeza uwezekano wa kuvuja mkojo baadaye, na kwa baadhi ya aina unaongeza pia matatizo ya viungo. Ukingoja, mizani inageuka. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019 uliwaachia madaktari nafasi pana ya miezi 5 hadi 15 kwa majike wakubwa, waamue kwa kumtazama mbwa mwenyewe na mazingira yake. Mimi nikiwa na jike mkubwa, ukuta imara na muda wa kumlinda, humwacha apite joto moja, nikangoja miezi miwili hadi mitatu, ndipo nampeleka. Nikiwa sina ukuta, nampeleka kabla. Mimba ya jike ambaye naye bado ni mtoto ni mbaya kuliko hesabu zote za goti na kibofu.

Nitajuaje ameingia joto, na litakaa muda gani?

Joto la kwanza huja kati ya miezi sita na kumi na miwili, ingawa majike wa aina kubwa sana wanaweza kukaa hadi mwaka mmoja na nusu au zaidi. Baadaye hurudi kila baada ya miezi sita au saba hivi. Utaona uke umevimba, matone ya damu sakafuni, na mbwa anajilamba sana. Siku tisa hivi za mwanzo madume wanamfuata naye anawafukuza. Kisha damu inapauka, inakuwa ya rangi ya maji ya nyama, na jike anaanza kusimama tuli na kuupeleka mkia pembeni.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wakiona damu imepungua wanadhani joto limekwisha, wanamfungulia lango. Kumbe ndiyo wiki anayopata mimba. Hesabu wiki tatu kamili tangu tone la kwanza, uongeze siku chache. Na akipandwa na madume wawili au watatu, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Anaweza kuhasiwa akiwa kwenye joto?

Anaweza, na daktari mzoefu atafanya kukiwa na sababu. Ila mishipa ya kizazi wakati huo imejaa damu, tishu ni laini na huchanika kirahisi, kwa hiyo upasuaji unakuwa mrefu na wa damu nyingi. Kama hakuna dharura, ngoja miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kuisha. Ukimhasi katikati ya kipindi kile cha projesteroni, homoni inashuka ghafla na jike anaweza kupata mimba ya uongo: matiti yanajaa maziwa, anakusanya viatu na matambara kona moja na kuyalinda kama watoto. Ukimkuta tayari katika hali hiyo, ngoja ipite kwanza.

Amepandwa kwa bahati mbaya. Nifanye nini?

Usimmwagie maji wala kuwavuta walipokwama. Utawaumiza wote wawili. Wakishaachana, zungumza na daktari mapema. Ipo sindano ya aglepristone inayoweza kuzuia au kutoa mimba hadi takriban siku ya 45, ingawa haipatikani kila nchi. Njia nyingine ni kumhasi mimba ikiwa bado changa. Tafadhali usikubali sindano za zamani za estrojeni: zinaweza kuharibu uboho, na zinaongeza hatari ya usaha wa kizazi.

Na dume? Ana haja ya kuhasiwa kweli?

Kwa dume sisemi kwa uhakika ule ninaousema kwa jike. Hana ugonjwa wa ndani unaolingana na usaha wa kizazi. Nchini Norway sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2009 hairuhusu kumpasua mnyama bila sababu ya msingi, na madume wengi huko wanazeeka na korodani zao, wakitunzwa kwa kamba na uangalizi. Kwa hiyo dume anayeishi ndani ya ua, anayetembezwa na mwenyewe na asiyewafikia majike, si dhambi kumwacha.

Faida zake zipo. Saratani ya korodani haiwezi kumpata asiye nazo. Tezi dume, ambayo kwa madume wengi wasiohasiwa huvimba kadiri wanavyozeeka na kuwafanya wajikamue kwa shida wakati wa kujisaidia, hunywea ndani ya wiki chache baada ya kuhasiwa. Ngiri ya pembeni mwa mkundu na vivimbe vya eneo hilo hupungua pia. Kuna jambo moja ambalo wengi hulielewa vibaya: kuhasi hakumkingi na saratani ya tezi dume yenyewe. Saratani hiyo ni nadra kwa mbwa, na inaonekana zaidi kidogo kwa waliohasiwa.

Dume anayezurura ni habari nyingine. Huyo ananusa jike wa mbali, anavuka barabara bila kutazama, anapigana na kundi, anarudi na sikio limechanika. Na kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Unaanza kama nyama nyekundu mfano wa koliflawa, inayodondosha damu. Ni saratani ya ajabu: chembe zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, na ukoo wa chembe hizo unatokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa yule alikufa zamani, uvimbe wake bado unatembea. Unatibika vizuri kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki kwa wiki kadhaa, lakini mbwa akirudi kuzurura na kupandana anaweza kuupata tena.

Dume nimngoje mpaka lini?

Dume mdogo, miezi sita hivi. Dume mkubwa, mngoje amalize kukua: miezi tisa hadi kumi na mitano, na wa aina kubwa kupindukia hata zaidi.

Sababu iko kwenye mifupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu ambalo ndilo linalokua, na homoni za uzazi ndizo zinazoliambia lifunge kazi. Ukiziondoa mapema, mfupa unaendelea kurefuka kupita ulivyokusudiwa, na pembe za viungo zinabadilika kidogo. Kwa mbwa wa kilo tano mabadiliko hayo hayana uzito. Kwa mbwa wa kilo arobaini yanabebwa na goti na nyonga kila hatua.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipitia mafaili ya Golden Retriever wakaona waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walikuwa na matatizo zaidi ya nyonga na kukatika kwa kano ya goti. Mwaka 2020 walitoa kazi pana ya aina 35 za mbwa. Kwa aina nyingi ndogo, kuhasi mapema hakukuongeza matatizo ya viungo. Kwa nyingi kubwa, kama German Shepherd, kuliongeza. Na kwa mbwa wa mchanganyiko, wale wanaozidi kilo 20 ndio waliokuwa na hatari zaidi wakihasiwa kabla ya mwaka. Ndiyo maana nauliza uzito kabla ya kuuliza umri. Kama hujui baba yake ni nani, mwombe daktari amtazame na kumpima. Akiwa na miezi minne mtoto wa mbwa wa ukubwa wa kati huwa amefika karibu nusu ya uzito wake wa utu uzima.

Korodani moja haionekani. Je, nimwache?

Usimwache. Kwa kawaida korodani zote mbili huwa zimeshuka mtoto akifikisha miezi miwili, na isiyoshuka hadi miezi sita haitegemewi tena kushuka. Iliyobaki tumboni au kwenye kinena inaishi kwenye joto kali kuliko inalostahili, na hatari yake ya kupata uvimbe ni kubwa mara nyingi. Hata kama ulikuwa umeamua kumwacha dume wako, huyu mhasi, na hakikisha zimetolewa mbili. Usimzalishe pia, kwa sababu hali hiyo hurithiwa.

Akihasiwa ataacha ukali? Au atakuwa zezeta asiyelinda nyumba?

Yote mawili ni matarajio ya kupita kiasi. Kuhasi kunapunguza tabia zinazoendeshwa na testosteroni, homoni ya kiume: kuzurura kutafuta majike, kupandapanda, kukojolea kila kona, na ugomvi wa madume wanaogombania jike. Hata hizo hupungua, hazifutiki kwa kila mbwa, hasa akiwa amezizoea miaka mingi.

Ukali unaotokana na woga ni mti mwingine kabisa. Mbwa anayebweka kwa kurudi nyuma, masikio yamelala, mkia umeingia katikati ya miguu, huyo anaogopa, na ukimwondolea testosteroni unaweza kumfanya aogope zaidi. Nilimpokea dume wa namna hiyo, aliyeletwa kwangu akiwa ameshahasiwa "ili atulie". Hakutulia. Alichohitaji ni miezi ya kuzoeshwa watu polepole, kwa vipande vya nyama vilivyotupwa sakafuni bila mtu kumwangalia usoni. Dume mwoga mfundishe kwanza; la kuhasi linaweza kungoja.

Kuhusu ulinzi, mbwa hulinda kwa sababu ya asili yake, malezi na eneo analoliona lake. Majike hulinda na hawana korodani.

Atanenepa?

Atanenepa ukiendelea kumjazia bakuli lilelile. Baada ya kuhasiwa mwili unatumia nguvu kidogo huku hamu ya chakula ikipanda. Punguza robo hivi ya chakula ndani ya wiki chache za mwanzo, mpime kila mwezi, na upapase mbavu zake: uzisikie chini ya vidole bila kubonyeza, bila kuziona kwa macho. Unene ndio unaoua magoti ya mbwa waliohasiwa, na uko mikononi mwetu kabisa.

Ni kweli majike waliohasiwa huvuja mkojo?

Baadhi yao, hasa wakubwa wanaozidi kilo 20, na mara nyingi miaka kadhaa baada ya upasuaji. Utakuta kitanda kimelowa alipokuwa amelala, naye mwenyewe hajui. Tafadhali usimpige wala kumfukuza ndani. Hajakojoa kwa makusudi, misuli ya mlango wa kibofu ndiyo imelegea. Zipo dawa za kila siku zinazowasaidia wengi wao vizuri. Mpeleke apimwe mkojo kwanza, kwa sababu maambukizi ya kibofu na kisukari navyo huleta hali inayofanana.

Naogopa nusu kaputi. Anaweza asiamke?

Woga huo ni wa haki, nami huwa nao kila ninapomkabidhi mbwa mlangoni. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kati ya mbwa wenye afya waliopewa dawa ya usingizi, aliyekufa alikuwa takriban mmoja katika 2,000. Unachoweza kufanya ni kumsaidia wako abaki upande salama. Omba asikilizwe moyo na apimwe damu. Kama amekuwa na kupe, taja hilo kabla ya lolote: magonjwa ya kupe hushusha chembe zinazogandisha damu, na mbwa anayeonekana mzima anaweza kuvuja damu mezani bila kukoma. Doberman naye apimwe ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda.

Mbwa mzima asile tangu usiku, maji aachiwe mpaka asubuhi. Mtoto wa miezi michache asishindishwe njaa muda huo wote kwa sababu sukari yake hushuka haraka. Fuata saa utakazopewa. Uliza pia nani atakuwa anamwangalia wakati daktari anapasua, na dawa gani ya maumivu atapewa. Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Kuna njia isiyo ya kisu?

Kwa dume ipo. Kipandikizi cha deslorelin, kidogo kama punje ya mchele, kinawekwa chini ya ngozi na kuzima testosteroni kwa miezi sita au kumi na miwili kutegemea kipimo. Wiki za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka, kwa hiyo usishangae akizidi vituko kwanza. Nakipenda kwa mtu asiye na uhakika: anamwona mbwa wake atakavyokuwa bila testosteroni kabla ya kufanya jambo lisilorudi nyuma. Zipo pia njia nyingine, ingawa hizo ni za kisu: kukata mirija ya mbegu kwa dume, au kwa jike kutoa kizazi na kuacha ovari. Njia hizo huzuia watoto na kuacha homoni, maana yake jike ataendelea kuingia joto na kuvuta madume. Sindano za kuzuia joto za projestini, dawa zinazoiga projesteroni, nazikwepa. Zinahusishwa na usaha wa kizazi, uvimbe wa matiti na kisukari.

Mbwa wangu ana miaka tisa. Nimechelewa?

Umri peke yake haukatazi. Moyo, figo na ini ndivyo vinavyoamua, kwa hiyo vipimo ni vya lazima. Kwa jike mwenye afya ningefanya, maana huo ndio umri hasa ambao usaha wa kizazi unavizia, na kumpasua akiwa mzima ni salama kuliko kumpasua akiwa mahututi. Kwa dume mzee asiye na tatizo, ningemwacha.

Akirudi nyumbani nimtunzeje?

Usiku wa kwanza atalia kidogo na kuyumba. Mlaze chini, mahali pakavu penye joto, mbali na ngazi. Chakula kidogo jioni. Kola ya plastiki aivae muda wote, hata akikuangalia kwa macho ya kuhuzunisha. Jike mmoja niliyemwonea huruma nikamvua kwa nusu saa alifungua nyuzi tatu kabla sijamaliza kuosha vyombo. Asiruke, asikimbie, asiogeshwe kwa siku 10 hadi 14. Tazama mshono asubuhi na jioni kwenye mwanga mzuri. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo ni kawaida. Usaha, harufu, damu inayoendelea kutiririka, ufizi uliopauka, kutapika mfululizo au kulala bila kuinua kichwa siku ya pili, rudi kwa daktari usiku huohuo.

Dawa ya maumivu iwe ile aliyopewa yeye. Paracetamol na ibuprofen za kabatini zinaweza kuua mbwa.

Nina dume na jike nyumba moja. Nimemhasi dume juzi, naweza kuwaacha pamoja?

Bado. Mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki kwenye mirija, na dume anaweza kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa baada ya korodani kutolewa. Watenganishe wiki sita, kwa mlango unaofungwa kwa kitasa. Pazia na kiti havimzuii mbwa.